Barua kwa mwanangu: waambie hujui kuogelea

Mwanangu,

Barua hii nimeikunja ndani ya taulo la kijani, maana ukiwa mbele yangu hunipi nafasi ya kusema. Sweta la baridi ya Eldoret, huko mnakoanzia mafunzo ya jeshi, liko chini kabisa ya begi. Nina moja tu: wakiuliza kurutu gani hajui kuogelea, inua mkono. Usione haya. Watakutazama, mtoto wa Likoni, wadhani umezaliwa majini. Wewe inua mkono.

Picha ya Jenerali Samson Mwathethe sikuibandua ukutani, na sitaibandua. Umechagua vizuri. Ulipokuwa mdogo ukisema utakuwa admirali sikukukatiza, ingawa wanamaji wetu wa Kenya huvaa vyeo vya nchi kavu, brigedia na meja jenerali. Lakini hesabu miaka. Aliingia jeshini 1978, akapelekwa chuo cha wanamaji cha Dartmouth kule Uingereza, akaja kuwa kamanda wa wanamaji, na majeshi yote hakukabidhiwa mpaka 2015. Miaka 37, baba! Wewe hujavaa hata buti umeshauza baiskeli bila kuniuliza. Na habari kwamba umechukuliwa na wanamaji nimeipata kwa jirani. Iliniuma, ingawa nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.

Mimi nimempendea yale ya baadaye. Alipewa kamati ya uchumi wa bahari, mambo ya samaki na meli, ambayo watu wetu wameyangoja miaka mingi. Kisha 2020, alipovua sare, akawa mwenyekiti wa bodi ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Mtu wa meli, akaingia kwenye mvuke wa Olkaria na mabwawa ya umeme! Naamini aliketi na mainjinia akawauliza asilolijua. Basi nawe uliza. Kuogelea hujui, sema hujui. Usije ukangoja mpaka siku mtakaposimamishwa ukingoni mwa maji pale kambi ya wanamaji ya Mtongwe, ukaruka kwa sababu wenzako wameruka.

Ya mama yako mdogo na feri ya Mtongwe iliyozama unayajua, sirudii. Watu 272 walikufa Aprili ile ya 1994. Ila wewe hukuwa hata umezaliwa, na maji uliyokuwa ukiyachezea yalikufika magotini. Bado ukirudi nilikukwaruza mguu kwa ukucha, na mstari wa chumvi ukitoka mweupe, nachukua fimbo. Baba yako alisema, "Mwache mtoto ajifunze." Sikumsikia. Wenzako wote wa mtaa huu wanaogelea kama samaki, na aliyezuiwa ni wewe. Kwa hiyo ukiulizwa sababu, sema mama alikataza. Sitakasirika.

Kula chakula chao hata kama hakina nazi. Karo ya dada yako nitaimaliza kwa zamu yangu ya chama mwezi ujao, usitume kitu mshahara wa kwanza. Labda bati mbili za jikoni, kwani pale juu ya jiko panavuja tena na unga umelowa. Mbuzi mweusi amezaa, wawili, mmoja dhaifu.

Ufunguo wa stoo umo mfukoni mwa jinzi yako, nimekuona ukiutia. Mwachie mjomba wako pale stendi kabla hujapanda basi. Na mkono, mwanangu, uinue siku ya kwanza.

Mama yako