Wahakiki wasivipuuze vitabu vya sauti

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala unaozuka kila wanapokutana watu wanaopenda vitabu, nao ni kama mtu aliyeisikiliza riwaya tangu mwanzo hadi mwisho anaweza kusema kwamba ameisoma. Wapo wanaoshikilia kwamba kusikiliza ni njia ya mkato, tena ya wavivu. Mimi ni mama wa watoto wadogo na ni mwajiriwa, na ninaandika kuvitetea vitabu vya sauti kwa sababu ndivyo vilivyonirudisha katika usomaji baada ya miaka mingi ya kununua vitabu nisivyovimaliza.

Asiyelea ni vigumu kuelewa jinsi usomaji unavyomponyoka mzazi huku hamu yake ikiwa palepale. Muda anao, ila umekatwakatwa vipande vidogovidogo, na karibu kila kipande kinadai macho na mikono. Usiku, watoto wakishalala, hufungua kitabu, husoma nusu ukurasa, kisha hugundua kwamba mstari uleule ameupitia mara tatu bila kuambulia kitu. Hukifunga, na akikirudia baada ya wiki kadhaa hawakumbuki tena wahusika. Masikio yake, hata hivyo, huwa huru kwa muda mrefu kuliko anavyodhani: anapoosha vyombo, anapokunja nguo, anapotembea kwenda kumchukua mtoto shuleni, anapombembeleza mtoto mchanga ambaye hataki kulala wala kuwekwa chini.

Hesabu yenyewe si ngumu. Msimulizi wa kitabu cha sauti kwa kawaida husoma maneno 150 hadi 160 kwa dakika, hivyo riwaya yenye maneno 90,000 humalizika kwa saa 10 hivi. Sijui mzazi mwenye saa 10 za mfululizo kwa ajili ya riwaya, lakini nusu saa ya vyombo na nguo kila siku huzitimiza saa hizo katika muda wa wiki tatu, na nguo zenyewe zinakuwa zimekunjwa.

Jioni moja nilikuwa nikipiga pasi nguo za shule huku nikisikiliza riwaya ambayo mhusika wake mkuu alikuwa amerudi nyumbani kwa baba yake baada ya ugomvi wa miaka mingi, akasimama mlangoni asijue kama agonge au aondoke. Msimulizi alipunguza kasi, akanyamaza kidogo, akaendelea kwa sauti ya chini. Nilibaki nimeishika pasi hewani, mvuke ukitoka, hadi mlango ulipofunguliwa. Mwanangu aliyekuwa akichora pembeni akaniuliza, "Mama, mbona umesimama?" Nikampa kipokea sauti kimoja aweke sikioni. Alisikiliza kwa makini kidogo, kisha akanirudishia akisema kwamba hakina picha. Nisingeipata raha ile kwa kitabu cha karatasi saa ile, kwa sababu saa ile kitabu cha karatasi nisingeweza hata kukishika.

Wanaoviona vitabu hivi kuwa anasa ya zama za simu wangefaa kukumbuka vilikotoka. Thomas Edison alipovumbua fonografu, mashine ya kurekodi sauti na kuirudia, mwaka 1877, miongoni mwa matumizi aliyoyapendekeza mwaka uliofuata ni vitabu vya kuwasomea watu wasioona. Ndoto hiyo ilisubiri zaidi ya nusu karne, hadi miaka ya 1930, santuri za vitabu kwa wasioona zilipoanza kutolewa Marekani na kisha, mwaka 1935, Uingereza, ambako miongoni mwa waliolengwa ni askari waliopoteza macho katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Upande mmoja wa santuri za Marekani ulibeba kama dakika 15 tu za usomaji, kwa hiyo msikilizaji wa riwaya ndefu hakuwa na budi kuinuka tena na tena kuigeuza au kuibadilisha, na bado aliisikiliza hadi mwisho. Baadaye ilikuja kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na hatimaye simu iliyoingiza maktaba nzima mfukoni. Sijapata kumsikia mtu akimwambia asiyeona kwamba riwaya aliyoisikiliza hakuisoma. Ikiwa kwake ni usomaji halali, sioni kwa nini ugeuke kuwa uvivu kwa mtu ambaye macho yake yako kwenye mtoto anayejifunza kutembea.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha utafiti ambamo watu walisikiliza hadithi na kuzisoma hadithi zizo hizo huku shughuli za ubongo wao zikipimwa, ikaonekana kwamba maana za maneno huchakatwa katika ubongo kwa namna inayokaribia kuwa sawa, iwe zimeingia kwa jicho au kwa sikio. Haki inanidai niseme pia kwamba matokeo si ya upande mmoja. Utafiti mwingine wa mwaka 2010 uliwalinganisha wanafunzi waliosoma makala ya kitaaluma na waliosikiliza maelezo yaleyale yakiwa yamerekodiwa, na waliosikiliza walifanya vibaya zaidi katika jaribio. Hilo halinishangazi. Jicho la msomaji hurudi nyuma lenyewe kila linapokwama, na hufanya hivyo mara nyingi bila mwenyewe kujua, ilhali sauti husonga mbele hata kama fikra zimekwenda kwingine. Ndiyo maana mimi riwaya, tawasifu na masimulizi ya historia huyasikiliza, lakini kitabu chenye majedwali, ramani au hoja zinazojengwa juu ya takwimu hukitafuta kwenye karatasi, hata kama itanichukua mwaka kukimaliza.

Mipaka mingine huijua aliyeizoea. Kazi ya mikono na kitabu cha sauti hupatana vizuri, ila kazi ya maneno na kitabu hicho hazipatani kabisa: ukianza kujibu ujumbe, msimulizi ataendelea peke yake na wewe utalazimika kurudisha nyuma. Kuhusu wale wanaoongeza kasi mara mbili ili wamalize vitabu vingi, kila mtu na uhuru wake, ingawa sielewi mtu anakimbilia wapi ndani ya riwaya. Na aliye na mtoto karibu na barabara au maji ni heri avue vipokea sauti vyote viwili.

Sasa nije kwako, Mhariri, na kwa wahakiki wako. Kurasa zako za vitabu hunieleza jina la mwandishi, mchapishaji, idadi ya kurasa na bei, lakini sijaona ukitajwa usomaji wa sauti, kana kwamba haupo. Kwa msikilizaji, msimulizi ana uzito unaokaribia ule wa mwandishi. Nimewahi kuacha riwaya nzuri katika sura ya pili kwa sababu msimulizi aliwapa wanawake wote sauti moja nyembamba ya kulalamika, nikaja kuipenda riwaya hiyohiyo iliposomwa na mtu mwingine ambaye hakuigiza sana na aliyaachia maneno yafanye kazi yake. Mhakiki mwenye sikio zuri angeniepusha na usumbufu huo kwa sentensi mbili tu.

Wachapishaji nao nina neno nao. Vitabu vya sauti vya Kiswahili ni vichache mno vikilinganishwa na vya Kiingereza, na mzazi anayetaka kusikiliza fasihi ya lugha yake hujikuta akisikiliza ya lugha nyingine kwa kukosa. Natambua kwamba gharama ipo: saa moja iliyokamilika hudai saa kadhaa za kurekodi, kusahihisha makosa na kuhariri, na msimulizi anayejua kutofautisha mazungumzo na maelezo hapatikani kila mahali. Hata hivyo pa kuanzia papo. Mradi wa LibriVox, ulioanzishwa mwaka 2005, hutegemea watu wa kujitolea wanaosoma kwa sauti vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki na kuvitoa bila malipo. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 nao unazitaka nchi zilizojiunga nao ziruhusu vitabu kutolewa katika namna zinazowafaa wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki. Kwa vitabu vipya vinavyouzwa kwa wasomaji wote, wachapishaji wangeweza kuanza na vile ambavyo tayari vina wasomaji wengi, wakamlipa msimulizi ipasavyo na kulichapa jina lake kwenye jalada.

Ombi langu kwa gazeti lako, basi, ni dogo. Kila kitabu kinapohakikiwa, wasomaji waelezwe kama kina toleo la sauti, ni nani aliyelisoma, lina urefu wa saa ngapi, na kama limesomwa lote au limefupishwa. Hilo la mwisho litajwe bila kukosa, kwa maana yapo matoleo yaliyoondolewa sura nzima, na msikilizaji hana kurasa za kuhesabu ili aligundue.

Wako katika usomaji,
Mama msikilizaji