Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, mtaa unapata nini?

Ndugu Mhariri,

Tangu Tanzania iingie kundi la nchi za uchumi wa kati wa chini, Julai 2020, takwimu za ukuaji tunazisikia kila bajeti inaposomwa. Sizibishii. Mwaka 2023 uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 5, na anayepita Kimara, Dar es Salaam, leo ataona jinsi viwanja na fremu za maduka zilivyopanda bei tangu mabasi ya mwendokasi yaanze 2016. Ninachouliza ni kwa nini mtaro wa mtaa wetu huziba kila masika, na ukienda ofisi ya mtaa unaambiwa hakuna fungu.

Nadhani sehemu ya jibu imo kwenye meseji ya LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Kila mwezi nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 za kodi ya majengo, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa la mjini ni 90,000 kwa kila sakafu. Kodi hii ilikuwa ya halmashauri. Mwaka 2016 ikapelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu 2021 inakatwa kwenye mita ya umeme.

Kwa urahisi wa kukusanya, utaratibu huu hauna mpinzani. Hakuna foleni, hakuna kubandikiwa ilani mlangoni. Lakini kiwango kimoja kwa wote kina ajabu yake: nyumba isiyo ya ghorofa ya Masaki, yenye bustani na bwawa la kuogelea, inalipa sawa na ya vyumba vitatu Mbagala. Barabara ya lami ikijengwa mbele ya nyumba, thamani inapanda na mwenye nyumba anapandisha kodi ya pango. Kodi ya majengo inabaki palepale. Ukuaji wote huo unaipita halmashauri pembeni, nayo inarudi kumbana mama lishe na muuza mitumba kwa ushuru. Na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Tuliambiwa tuelewane na wenye nyumba. Mwenye nyumba gani huyo atakayekubali kuturudishia?

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito zaidi. Afisa wa halmashauri alipokuja kudai kodi, walau ulimwonyesha mtaro. Mita huwezi kuionyesha kitu. Fedha inakwenda Hazina, na mkazi hajui kata yake imechangia kiasi gani wala kilichorudi ni kiasi gani.

Hilo halihitaji sheria mpya. Kila mita inajulikana iko wapi, kwa hiyo TANESCO na TRA wanaweza kutoa jumla ya makato kwa kila kata. TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, iagize jumla hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za mitaa kila robo mwaka, pamoja na kiasi kilichorejeshwa halmashauri. Viwango navyo vipangwe kulingana na eneo. Kuthamini nyumba moja moja ni gharama na kunachukua miaka, hilo linaeleweka, ila kutenganisha Masaki na Mbagala hakuhitaji mthamini. Wabunge wetu wa Dar es Salaam walisemee hili Sheria ya Fedha itakapojadiliwa Juni, kabla kiwango hakijapandishwa tena kwa wote kwa mkupuo kama ilivyofanyika 2023.

Mpangaji,
Dar es Salaam