Usisimame peke yako, Rehema

Bweyale, Jumapili jioni

Rehema shoga yangu,

Salaam. Barua yako niliipokea Jumatano kwa mkono wa dereva wa basi, nikaisoma palepale sokoni nimesimama, karai la mukene, dagaa wetu, mbele yangu na wateja wakingoja. Nilipofika pale vijana wa stegi ya bodaboda walipokuita "mama wa wezi", nilikaa chini juu ya gunia. Tangu siku ile nimeirudia mara tatu. Ningeweza kukupigia simu, lakini ulichouliza hakijibiki kwa salio la dakika tano.

Umeuliza kama ulifanya upumbavu kumkinga kwa mwili wako yule kijana aliyeitiwa mwizi, na tairi limekwisha kuletwa. Hapana, Rehema. Ulipigwa kumbo, leso ikachanika, na yeye alipigwa vilevile, lakini hakuna aliyewasha kiberiti. Kijana wa miaka kumi na saba yuko hai kwa mama yake. Usikubali mtu akwambie hilo ni jambo dogo, hata huyo shemeji yako.

Ila uliandika pia kwamba amani ni kazi ya maaskofu na mashehe, na kwamba sisi wauza samaki na washona nguo hatuna la kufanya. Hapo sikubaliani nawe, na sababu yangu inaanzia kwetu Gulu, kaskazini mwa Uganda. Tulipokuwa wote kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidibidi ulikuwa ukiniuliza kwa nini siwezi kulala kwenye sakafu tupu. Nilikuwa nikikwepa. Leo nitakuambia.

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka tisa. Kila jioni, jua likianza kuinama, mama alinifunga blanketi mgongoni, akanishikisha mkono wa mdogo wangu, tukaingia njiani pamoja na watoto wa kijiji kizima kwenda mjini kulala. Waasi wa Kony walikuwa wakija usiku, na walikuwa wakitafuta watoto. Kaskazini nzima, wakati hali ilipokuwa mbaya kabisa, watoto waliotembea hivyo kila jioni walikadiriwa kufika 40,000. Wengine walilala katika uwanja wa hospitali ya Lacor, wengine kwenye baraza za maduka. Sisi tulilala kituo cha mabasi. Ninachokumbuka zaidi ni baridi ya sementi na harufu ya dizeli, na kwamba wavulana wakubwa walichukua sehemu zisizovuja. Alfajiri tulirudi nyumbani, tukala kama kipo, tukaenda shule.

Mwezi wa Juni mwaka ule walikuja wazee. Walikuwa na blanketi zao kama sisi, wakalala chini kati yetu usiku nne mfululizo. Alikuwepo Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Wakatoliki, alikuwepo Askofu Macleod Baker Ochola wa Waanglikana, na viongozi wa Kiislamu pamoja nao. Mimi sikujua ni akina nani. Nilimwona mzee anakunja koti lake kuwa mto, nikamwambia mdogo wangu, "Leo hawatakuja, kuna watu wazima." Usiku ule nililala mpaka asubuhi bila kushtuka. Rehema, sijui nikuelezeje uzito wa jambo hilo kwa mtoto.

Vita havikuisha baada ya usiku wa nne. Mazungumzo ya amani ya Juba, kati ya serikali na waasi, yalianza 2006, na sisi tulirudi kulala kwetu baadaye. Lakini wale wazee hawakuanzia kituo cha mabasi. Tangu miaka ya tisini walikuwa wameshaungana, Waislamu na Wakristo wa madhehebu mbalimbali, wakaingia porini kuongea na waasi, na wakasukuma sheria ya msamaha kwa waasi wanaorudi mpaka ikaanza kutumika mwaka 2000. Binamu yangu alirudi nyumbani kwa sheria hiyo. Aliwekewa yai njiani, akalikanyaga kabla ya kuingia uwanjani kwa babu, kama desturi yetu Waacholi inavyotaka, na bibi aliyekuwa amekwisha kumwombolezea akampikia mboga ya malakwang. Na Askofu Ochola, ujue, mke wake aliuawa na bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997. Mtu aliyefiwa hivyo ndiye aliyekuwa akiomba waliotega mabomu wasamehewe warudi.

Utaniambia: haya, hao ni maaskofu. Basi nikutajie Angelina Atyam wa Lira. Huyo ni mkunga. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waasi waliingia shule ya wasichana ya Aboke, wakawachukua 139. Sista Rachele Fassera, Mwitaliano, na mwalimu mmoja waliwafuata kwa miguu porini, bila silaha, na sista alibishana na makamanda mpaka wakamwachia 109. Thelathini wakabaki, na binti wa Angelina alikuwa miongoni mwao. Wazazi wale hawakutafuta bunduki. Walifanya chama, wakapita kila mahali wakisema habari za watoto wote waliotekwa, si wa Aboke tu. Sauti ilipofika mbali, waasi walimtumia Angelina ujumbe: nyamaza, tutakurudishia wako. Akakataa. Alisema wote ni wanawe. Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya haki za binadamu 1998, lakini binti yake mwenyewe alirudi 2004. Hesabu miaka hiyo, shoga yangu. Mimi nina binti wa miaka sita, na kila nikifikiria jibu lile la Angelina mikono yangu inakuwa baridi.

Sasa tazama. Wazee walikuwa wengi. Wazazi wa Aboke walikuwa wengi. Wewe siku ile pale stegi ulikuwa mmoja. Kosa lako, kama lazima tulitafute kosa, ni hilo tu, na wala si lako. Ni letu sote tuliokuacha ufikirie kwamba ushujaa unatosha.

Hapa Bweyale nasi tulijifunza kwa machungu. Mwaka juzi kijana alikamatwa na simu isiyo yake, na sote sokoni tulifunga midomo. Hakupona. Mama yake alikuwa akinunua mukene kwangu. Nilimzika mwanawe, kisha kwa wiki nzima sikuweza kumtazama usoni. Ndipo wanawake saba tukakaa nyuma ya banda la nyanya: Waacholi, Mlugbara, Mkongo mmoja, mama wa kutoka Sudan Kusini, Mnyoro. Kiswahili ndicho kilichotuweka pamoja, maana hakuna lugha nyingine tuliyoijua sote. Tuliahidiana kwamba yowe la "mwizi!" likisikika, hakuna anayekwenda peke yake. Wawili wanakimbia kwa aliyekamatwa na kumfunika kwa kitenge, kwa sababu mkono unasita kupiga kitenge cha mama. Mmoja anamfuata mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Mmoja anamtafuta mwenyekiti wa stegi, na huyo tulimwendea mapema, siku ya utulivu, tukanywa naye chai. Mwingine anakwenda polisi. Na mmoja, hili lilikuwa wazo la yule Mkongo, anakaa na aliyeibiwa, anamsikiliza, kwa sababu ghadhabu yake ni ya kweli. Ameibiwa. Kama hakuna anayemjali yeye, kesho ataleta tairi mwenyewe.

Mpaka sasa tumefika mara nne kabla ya moto. Mara moja tulichelewa.

Kazi haiishii pale kijana anapopandishwa gari la polisi. Nakuomba uyashike haya, uyafundishe na hao wasichana wako wa cherehani. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 23, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kifungu cha 24 kinakataza mateso, na cha 44 kinasema hakuna hali yoyote inayoweza kuliondoa katazo hilo, hata vita. Kifungu cha 28 kinasema mtuhumiwa hana hatia mpaka mahakama iseme. Na dhamana ya polisi hailipiwi. Katika kituo kimoja niliambiwa nilete laki mbili ndipo kijana atoke. Nilitetemeka, lakini tulikuwa watatu. Mwenzangu akauliza kwa upole kabisa, "Afande, tutapewa risiti?" Tukasubiri kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa kumi. Kijana alitoka, hatukutoa shilingi. Hatukumtukana mtu. Afande yule siku hizi hutuamkia.

Kwa hiyo usiache. Wala usiende tena mbele ya tairi peke yako, nakukataza kama dada. Anza na mwalimu wa madrasa uliyesema alikusifu kimyakimya. Mwambie sifa za kimyakimya hazitoshi. Ongeza mama wa yule kijana aliyekusukuma, maana uliandika unamfahamu. Tafuta na mwendesha boda mmoja mzee wanayemheshimu. Wanne mkitosha, kaeni siku ambayo hakuna aliyeiba kitu.

Nitakuja Arua baada ya mavuno ya simsim, nikalale kwako usiku mbili. Nitandikie kitanda, sasa unajua sababu. Nitakuletea odii, simsim ya kusaga, ya kutosha na watoto wako.

Lakini kabla ya hapo nijibu, hata kwa ujumbe mfupi: lile jeraha la kichwani la kijana uliyemkinga limefunga? Na mama yake, mmekwishaenda kumwona?

Ni mimi,
Akello