Vidole vyangu vinawaka kila nikipaka piko, na kazi yangu ndiyo hiyo

Asalaam aleikum Daktari, na wasomaji wenzangu.

Mimi ni mpaka hina hapa Unguja, na napaka pia piko, ule wino mweusi wa kuchorea maua mwilini. Kazi hii nimeirithi kwa mama yangu mdogo, na ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na mahitaji ya watoto skuli. Naandika kuhusu vidole vyangu, kwa kuwa kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Vilianza vidole vitatu vya mkono wa kulia: gumba, cha shahada na cha kati, pale pale ninaposhikia koni. Kwanza ulikuwa muwasho tu. Vikafuata vipele vidogo vya maji pembeni mwa vidole, kisha ngozi ikawa inapasuka na kutoa majimaji, hata kukamua ndimu ni adhabu. Sasa mkono wa kushoto nao umeingia, ule ninaomshikia biharusi wakati wa kuchora. Safari moja kidole kilivimba kikatunga usaha, nikapewa vidonge kituo cha afya. Usaha ukakauka, muwasho ukabaki ulivyo.

Duka la dawa waliniambia ni fangasi, wakaniuzia tyubu. Nikipaka natulia, nikiacha vinarudi vikali zaidi. Mjomba wangu, ambaye ni tabibu, aliisoma boksi akasema mle ndani mna dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria na steroidi, na kinachonituliza ni hiyo steroidi, kwa hiyo nafuu yangu si ushahidi wa fangasi. Yeye anaona ni pumu ya ngozi. Mume wangu anasema ni husuda ya wapaka hina wenzangu. Husuda ipo, sikatai, lakini ya aina gani hiyo inayochagua vidole vya kushikia koni tu?

Niliyoyaona mwenyewe ni haya. Ramadhani harusi husimama, na mikono yangu ikapona kabisa, mpaka nikasahau. Mfunguo mosi harusi zikafululiza, na vidole vikaharibika upya. Hina ya majani, yaani unga, ndimu, sukari na mafuta ya mkaratusi, nikiipaka peke yake hunichoma penye mipasuko lakini haileti vipele vipya. Piko ndiyo inayoleta. Tena haileti papo hapo: nikipaka Alhamisi, Ijumaa naamka mzima, Jumamosi jioni ndipo vidole vinawaka. Na nilipoupaka unga ule ule wa piko kichwani kuficha mvi, kope zilivimba hata macho hayafunguki, na nyuma ya masikio pakatoka maji.

Mpwa wangu aliyeko Uingereza alitaka nimpigie picha pakiti ya piko. Kwa maandishi madogo kabisa pameandikwa kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Ni rangi ya nywele. Anasema hiyo ndiyo inayotoa weusi ule wa haraka, kwani hina ya majani hata uilaze usiku kucha itakupa wekundu au kahawia, haikupi nyeusi. Huko Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na kuchorea ngozi hairuhusiwi. Lililonitisha zaidi ni kwamba mwili ukishaikataa PPD, kwa kawaida hautaikubali tena maisha yote, na unaweza kukataa na jamaa zake: baadhi ya rangi za nguo nyeusi, baadhi ya mpira, hata dawa fulani za kupaka za kufisha ganzi. Nikalitazama buibui langu msumarini kwa jicho jingine kabisa.

Ningekuwa naumia peke yangu pengine ningevumilia. Lakini nimemwona mtoto wa kike, mdogo wake biharusi mmoja, aliyepakwa na mtu mwingine. Malengelenge yalifuata mistari ya ua lote, jani kwa jani. Yalipopona yaliacha alama nyeupe, na ua bado linasomeka mkononi mwake. Mimi watoto siwapaki piko. Mama zao wananiona nina madaha.

Na hapo ndipo penye tatizo langu. Wateja hawataki hina tupu. Wanataka maua mekundu yaliyozungushiwa wino mweusi, yaonekane kwenye picha. Nikimweleza mama wa biharusi, ananijibu kuwa yeye alipakwa, mama yake alipakwa, na hakuna aliyekufa. Kweli, wengi hawapati kitu. Ila nani atajua mapema ni yupi atakayepata?

Daktari, naomba unijibu wazi. Je, muwasho unaochelewa siku mbili unatosha kusema ni mzio, au inaweza kuwa ndimu na sabuni tu zinanichubua? Nimeambiwa kuna kipimo cha kubandika viraka mgongoni, vikakaa saa 48 kisha ngozi ikasomwa zaidi ya mara moja. Je, nikienda Moshi, pale hospitali ya KCMC penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, nitakipata? Ile tyubu niiache leo au nipunguze kidogo kidogo, maana ngozi ya gumba imeshakuwa nyembamba inang'aa?

Halafu glovu. Nilivaa zile nyembamba za mpira, mistari ikawa inatetemeka, na viganja vikaanza kuwasha mpaka kwenye kifundo. Mpwa wangu anasema piko hupenya mpira huo, nitafute za naitrili, aina nyingine isiyo ya mpira huo. Zitanilinda kweli, au nitakuwa najidanganya na piko niiache moja kwa moja?

Na kwenu wapaka hina wenzangu wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu: kuna aliyeacha piko akabaki na hina ya majani peke yake? Wateja walikimbia, au walizoea? Nauliza kwa kuwa baada ya Idi nina maharusi walioshanipa arubuni, wote wametaka nyeusi, na sijui niwarudishie pesa zao au niwaambie nini.

Mpaka hina, Ng'ambo, Unguja