Kabla hujafunga kamera shambani

Swahiba wangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili huku nikicheka. Yaani umeruhusiwa kuzunguka shamba zima na kamera, na wewe jambo la kwanza unaniuliza ni chambo gani wanyama wanakipenda! Hebu kiweke kando hicho chambo kwanza.

Mnyama ukimzoesha kula karibu na watu, kesho atabisha kwa jirani mwenye kuku, na jirani huyo hatamngoja kwa kamera. Tena wanyama wakirundikana kwenye chakula kimoja huambukizana maradhi. Halafu picha yenyewe utaipata ya namna gani? Kichwa chini, mdomo ardhini. Hapana.

Anza bila kamera. Toka asubuhi jua likiwa bado liko chini, maana mwanga wa ubavuni ndio unaozitoa nyayo. Saa sita mchana utapita juu ya nyayo hizohizo usizione. Usihangaike na katikati ya shamba. Fuata kingo: pale kichaka kinapokutana na ardhi iliyolimwa, kando ya kijito, na hasa kwenye uzio. Tafuta mahali ambapo udongo chini ya waya umesuguliwa hadi ukawa laini, upige magoti. Mara nyingi kwenye miiba ya waya utakuta nywele zimenasa. Zikiwa ngumu kama za brashi, fikiria ngiri au nguruwe mwitu. Zikiwa laini na za rangirangi, huenda ni mbweha. Angalia pia zimenasa kimo gani kutoka chini, utajua aliyepita ana ukubwa gani. Kijinjia kimoja cha namna hiyo nakithamini kuliko gunia zima la chambo.

Sasa kamera ya mtego, ile inayopiga picha yenyewe mnyama akipita. Kihisi chake hakimwoni mnyama kama wewe unavyomwona. Kinagundua joto linalosogea mbele yake. Anayekatiza mbele ya kamera hugunduliwa upesi, anayekuja moja kwa moja huchelewa kugunduliwa. Lakini ukiielekeza kamera ikate njia nyembamba moja kwa moja, itaamka mnyama ameshapita, ubaki na picha ya mkia. Kwa hiyo ifunge mshazari, kama nyuzi 45 na njia. Kimo cha goti kinatosha kwa wanyama wengi wa wastani. Usiielekeze mashariki wala magharibi, jua litaiharibia picha za alfajiri na jioni. Chagua mti mnene, kwa sababu mwembamba huyumba na upepo, na ufyeke nyasi zilizo mbele ya lenzi, la sivyo kadi itajaa picha za majani. Mchana wa joto kali usitarajie makubwa: ardhi ikikaribia joto la mwili wa mnyama, kihisi hakimtofautishi vizuri.

Uliuliza kuhusu taa za usiku za kamera hizi. Zile za nanomita 850 (hicho ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga) humulika mbali zaidi, ila zina mng'ao hafifu mwekundu ambao wanyama wengine huushtukia. Za 940 karibu hazionekani, lakini hazifiki mbali. Kwenye njia nyembamba ningechukua za 940.

Wazo hili la kamera ya mtego, kwa taarifa yako, ni la zamani. Mmarekani George Shiras alikuwa mwindaji, akaiacha bunduki akashika kamera. Alitega nyaya ambazo mnyama akizigusa flashi inawaka na picha inapigwa. Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74, nyingi za usiku. Enzi hizo mwanga ulitokana na unga wa magnesi unaolipuka, kwa hiyo usininung'unikie habari ya betri!

Ukitaka kupiga kwa mkono, upepo ukupige usoni na ukae ndani ya gari ukiweza, wanyama wengi humwogopa mtu anayetembea kuliko gari. Akiacha kula, akasimamisha masikio na kukukazia macho, umeshakaribia kupita kiasi. Usisogee tena. Na shimo lenye watoto liache, hata picha iwe nzuri kiasi gani.

Jambo ambalo watu hulipuuza: kamera hunasa na binadamu. Waambie wanaokatiza shambani kwamba ipo, na picha zao zifute. Ukimpata mnyama anayewindwa na majangili, zima kumbukumbu ya mahali kwenye simu yako kabla hujamrushia mtu picha. Mimi nirushie, lakini hata mimi usinitajie kijito chenyewe.

Nijibu umeona nini chini ya waya. Kama ni nywele, zipige picha karibu na rula, tubishane ni za nani.

Wasalimie wote nyumbani.

Swahiba wako