Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Dawa Ipo, Wagonjwa Hawajatafutwa

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, naleta mbele yenu taarifa ya mwaka. Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina, na shughuli za kamati ndogo zimo katika taarifa ya katibu, hivyo sitazirudia. Nafasi hii nitaitumia kueleza jambo ambalo kamati kuu imelishughulikia kuliko mengine yote mwaka huu, nalo ni namna serikali mbalimbali zinavyopambana na homa ya ini aina ya C, zilipofanikiwa na zilipokwama, na yale ambayo sisi, kama watu walioguswa na ugonjwa huu, tunapaswa kuyadai.

Wengi wetu tuliingia katika chama hiki ama kwa kuugua wenyewe au kwa kuuguza. Waliotibiwa zamani wanaikumbuka interferoni: sindano kila wiki kwa miezi 6 hadi mwaka mzima, pamoja na vidonge vya ribavirini, homa za mara kwa mara, nywele kunyonyoka na huzuni isiyoelezeka, na baada ya mateso hayo yote ni takriban nusu tu ya wagonjwa waliopona. Hali ilianza kugeuka mwishoni mwa mwaka 2013, dawa ya sofosbuviri ilipoidhinishwa nchini Marekani. Leo mgonjwa humeza vidonge kwa wiki 12, na baadhi kwa wiki 8 tu, na zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100 hupona kabisa, virusi visionekane tena mwilini. Kwa maambukizi sugu ya virusi, hilo ni jambo la nadra sana katika historia ya tiba.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa bei. Dawa hiyo ilipoingia sokoni Marekani, dozi ya wiki 12 iliuzwa dola 84,000, yaani dola 1,000 kwa kidonge kimoja. Zipo serikali zilizokata tamaa, na zipo zilizokataa kukata tamaa. Australia iliingia mkataba wa miaka mitano na watengenezaji, ikalipa kiasi kilichopangwa bila kujali idadi ya watakaotibiwa, na tangu Machi 2016 ikafungua tiba kwa kila mtu mzima mwenye maambukizi sugu, hata madaktari wa kawaida wakaruhusiwa kuandika dawa hiyo. Mwaka 2017 serikali ya Malaysia ilitumia haki yake ya kisheria kupata dawa za jeneriki, yaani nakala za bei nafuu za dawa ileile, kwa hospitali za umma bila kusubiri ridhaa ya mwenye hataza, yaani kampuni yenye haki ya pekee ya kuitengeneza. Rwanda ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2018 mpango wa miaka mitano wa kuutokomeza ugonjwa huu, ikiwa ya kwanza kusini mwa Sahara. Kwa juhudi za namna hiyo, pamoja na ushindani wa viwanda vya jeneriki, dozi nzima sasa inaweza kununuliwa na serikali kwa chini ya dola 60 katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo serikali inayosema leo kwamba dawa ni ghali inapaswa kuulizwa inanunua wapi na kwa mkataba gani.

Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na homa ya ini sugu aina ya C, na kwamba watu wapatao 242,000 walikufa kwayo mwaka 2022, wengi wao kwa ini kujaa makovu au kwa saratani ya ini. Hadi mwisho wa mwaka huo, ni asilimia 36 tu ya walioambukizwa waliokuwa wamepimwa na kujulikana, na asilimia 20 waliokuwa wametibiwa. Naomba muitazame takwimu ya kwanza kuliko ya pili. Karibu watu wawili katika kila watatu hawajui kwamba wanaumwa, maana ini huharibika kimyakimya kwa miaka 20 au zaidi kabla ya tumbo kujaa maji au macho kuwa ya njano. Mtu asiyejijua hatakwenda kuomba dawa, hata iwe ya bure.

Hakuna nchi iliyoliona jambo hili wazi kama Misri, na ndiyo maana kamati iliisoma historia yake kwa makini. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya huko iliwatibu wananchi kichocho kwa sindano, kwa nia njema kabisa, lakini sindano zilitumiwa kwa mtu zaidi ya mmoja bila kutakaswa ipasavyo. Kirusi cha C kilikuwa hakijagunduliwa bado. Hicho kilitambuliwa mwaka 1989. Matokeo yake ni kwamba Misri ikawa na kiwango cha maambukizi ambacho hakikuwa na mfano duniani. Mwaka 2006 iliundwa kamati ya taifa ya kudhibiti homa ya ini, na mwaka 2014 serikali ikapata dawa mpya kwa sehemu ndogo tu ya bei ya Marekani, kisha viwanda vya ndani vikaanza kuzitengeneza. Foleni za wagonjwa zilikuwa ndefu, zikatibiwa, zikaisha, na hapo ndipo wakuu wa mpango waligundua kwamba waliokwisha ni wagonjwa waliojulikana tu, huku vituo vikibaki na dawa bila watu wa kuzimeza.

Uamuzi uliofuata ndio ninaotaka wanachama waukumbuke. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, chini ya kampeni iliyoitwa Milioni 100 za Afya, serikali iliwapima karibu watu milioni 50 kwa tone la damu ya kidoleni, mkoa baada ya mkoa. Watu wapatao milioni 2.2 walikutwa na kingamwili, alama kwamba mwili umewahi kukutana na kirusi, wakapelekwa kwenye kipimo cha pili, na waliothibitika wakatibiwa bila malipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia ngazi ya dhahabu kwenye njia ya kuutokomeza ugonjwa huu. Taifa lililobeba mzigo mzito kuliko mengine limefika mbele ya matajiri, na lililofanya tofauti ni kwenda kuwatafuta watu badala ya kuwangoja.

Nimetaja kipimo cha pili, na hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa wajumbe wetu wa kujitolea wanaowasindikiza wagonjwa wamekuwa wakituletea habari ileile kila mkutano. Mtu anachomwa kidole, damu inawekwa kwenye kipande cha kipimo, na baada ya dakika chache mstari wa pili unatokea. Mhudumu anamwambia kwamba ana kingamwili, yaani mwili wake umewahi kukutana na kirusi, lakini haijulikani kama bado kimo. Takriban watu 3 katika kila 10 walioambukizwa hujiponya wenyewe ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Anaandikiwa karatasi ya kwenda maabara nyingine, siku nyingine, kwa gharama nyingine. Anaikunja karatasi, anaitia mfukoni, na wengi hawarudi. Mtu huyu amekwisha kupatikana, kisha mfumo umempoteza kwa mikono yake wenyewe.

Dawa ya tatizo hili inajulikana na si ngumu. Sampuli moja ya damu ichukuliwe, na kingamwili ikionekana maabara iendelee yenyewe na kipimo cha vinasaba vya kirusi bila kumwita mgonjwa tena. Mashine ndogo ambazo nchi nyingi zimekwisha kuzinunua kwa ajili ya kifua kikuu na wingi wa VVU zinaweza kufanya kazi hiyo pia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa namna hiyo mwaka 2022, likahimiza vilevile tiba itolewe katika vituo vya kawaida vya afya na madaktari wa kawaida na wauguzi waliofunzwa, isingoje bingwa wa ini.

Georgia nayo ina funzo lake. Ilianza mpango wake Aprili 2015, kwa dawa zilizotolewa bure na mtengenezaji na msaada wa kitaalamu wa Marekani, wakati zaidi ya watu wazima 5 katika kila 100 walikuwa na kirusi. Mwanzoni iliwatibu wale tu ambao ini lao lilikuwa limeharibika sana, kisha mwaka 2016 ikafungua mlango kwa wote. Utafiti wa mwaka 2021 ulikuta kiwango kimeshuka hadi chini ya watu 2 katika kila 100. Mimi binafsi naona utaratibu wa kungoja ini lijae makovu ndipo mtu astahili dawa hauna nafasi tena popote, na chama hiki kiupinge kila utakapopendekezwa kwa jina la kubana matumizi.

Upande wa kinga, nitasema bila kuficha kwamba serikali nyingi hupenda zaidi kupigwa picha zikigawa vidonge kuliko kufanya kazi hii isiyoonekana. Chanjo ya aina ya C haipo, na aliyepona anaweza kuambukizwa upya, hivyo kutibu bila kuzuia maambukizi mapya ni kuteka maji kwa pakacha. Damu yote ya kuongezewa wagonjwa lazima ipimwe. Vyumba vya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo vinahitaji usimamizi wa karibu. Katika zahanati, hatari si bomba la sindano peke yake, bali pia kichupa cha dawa cha dozi nyingi kinachochomwa tena kwa sindano iliyokwisha kumgusa mgonjwa. Mabomba yanayojifunga baada ya matumizi mara moja huzuia sehemu kubwa ya madhara haya. Kwa watu wanaojidunga dawa za kulevya, lengo la kimataifa ni sindano safi 300 kwa mtu kwa mwaka ifikapo 2030, pamoja na tiba ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini. Pale ambapo kumiliki sindano hufanywa ushahidi wa kumkamata mtu, lengo hilo haliwezi kufikiwa, na ndugu hawa ni wagonjwa wetu kama wengine.

Suala jingine limeletwa na wanachama wenyewe. Kingamwili hubaki katika damu kwa miaka mingi hata baada ya kupona, na mmoja wetu, aliyepona kabisa, alinyimwa ajira kwa sababu mwajiri alitazama kipimo cha kingamwili peke yake. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kunyonyesha. Serikali iweke kanuni kwamba cheti cha afya kisitolewe kwa kipimo hicho pekee, na kwamba aliyepona apewe hati inayosema hivyo.

Kamati kuu inaomba mkutano huu uidhinishe maombi matatu yapelekwe wizara ya afya: kipimo cha pili kifanywe kwa sampuli ileile na bila malipo, tiba ianze katika vituo vya ngazi ya chini, na takwimu za waliopimwa, waliothibitika, waliotibiwa na waliopona zitangazwe kila mwaka, hatua kwa hatua, ili sote tuone watu wanapotelea wapi. Rasimu ya barua iko mezani kwa katibu, na mabadiliko yatapokelewa kabla ya kura.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti