Wafadhili, kumbukeni raba za pampu

Mhariri,

Magazeti hayaishi picha za wafadhili wakikata utepe kwenye visima vipya. Upite pale miaka miwili baadaye, si ajabu kukuta mpini umefungwa kamba na akina mama wamerudi bwawani, na kuhara kumerudi nao. Kisima chenyewe mara nyingi ni kizima. Kilichokufa ni raba ya pistoni, kile kipande cha pampu kinachopandisha maji ndani ya bomba; raba hiyo inatakiwa kubadilishwa kila mwaka.

Pampu ya mkono ya Afridev, ambayo Kwale, pwani ya Kenya, ni mojawapo ya sehemu ilikojaribiwa miaka ya 1980, iliundwa ili fundi wa kijijini aimudu. Spana moja hufungua kichwa. Fimbo zinazounganisha mpini na pistoni, pamoja na pistoni yenyewe, huvutwa kwa mkono, na vali ya chini, inayozuia maji yasirudi kisimani, huvuliwa kwa ndoana yake bila kung'oa bomba.

Hata ugonjwa wake hupimika papo hapo. Piga hadi maji yatoke, acha nusu saa, kisha piga tena ukihesabu. Yakipita mapigo matano na maji hayajatoka, vali ya chini inavuja au bomba limepasuka. Kinga ndoo, piga mapigo 40 kamili kwa dakika moja: yasipofika lita 10, anza na raba ya pistoni. Mpini ukichezacheza, beringi za plastiki zimelika. Hapo ndipo watu huzembea, maana maji bado yanatoka; mwishowe chuma husaga chuma, na kipuri cha bei ndogo kinazaa kazi ya kuchomelea. Raba mpya ikilika upesi, acha maji yatulie kwenye ndoo. Ukiona mchanga chini, aitwe mchimbaji; fundi wa pampu hana dawa hapo.

Maji yenye asidi nayo hula fimbo za mabati. Yakitoka mekundu na chai ikawa nyeusi, watu huyakimbia. Pale pH, yaani kipimo cha asidi, iko chini ya 6.5, zinunuliwe fimbo zisizoshika kutu, hata kama ni ghali.

Tunaomba kila mkataba uwe na raba, bobini (vipande vya vali), o-ringi (pete za raba) na beringi za miaka miwili, na spana na ndoana zibaki kwa kamati ya maji. Malipo ya mwisho ya mkandarasi yasubiri kipimo cha lita 10 kirudiwe baada ya mwaka. Vipuri navyo viuzwe mjini karibu. Kijiji kikichanga halafu kiambiwe raba iko Nairobi, pesa huishia matangani.

Mafundi wa pampu za mkono,
Kwale